Nyamvula, mshika mkono wa wanaopasuliwa macho Chaani

Saa mbili asubuhi, Nyamvula Beja ananawa mikono hadi viwikoni ingawa hatagusa kisu wala sindano. Anajifuta, anavaa kofia ya kitambaa na barakoa, kisha anavuta stuli ya chuma na kuketi kando ya kitanda cha upasuaji, mahali ambapo magoti yake hayatamsumbua daktari.

Kitandani amelala mzee wa Mikindani, karani mstaafu wa bandarini. Amefunikwa shuka la kijani, na tundu moja tu limeachwa juu ya jicho lake la kushoto. Amepigwa ganzi kwenye jicho, lakini hakulazwa usingizi. Anasikia kila kitu, na vidole vyake vya miguu vinachezacheza kwa hofu.

Nyamvula anaingiza mkono chini ya shuka, anautafuta mkono wa mzee na kuushika.

"Shikamoo baba. Ni mimi yule wa pale nje, uliyezungumza naye habari za mihogo," anamwambia kwa sauti ya chini. "Sasa nisikilize. Ukitaka kukohoa, nifinye mara moja. Ukiumwa, nifinye mara mbili. Usiseme neno, usitikise kichwa. Wewe nifinye tu, kusema niachie mimi."

Mzee anamfinya mara moja.

"Wataka kukohoa?"

"La, najaribu kama yafanya kazi."

Daktari Hadeel, ambaye tayari ameinamia darubini yake, anacheka ndani ya barakoa. Kisha chumba kinatulia na kazi inaanza.

Hiyo ndiyo kazi ya Nyamvula, mama wa watoto watatu mwenye umri wa miaka 46. Huwashika mkono watu wanaopasuliwa macho. Karatasi yake ya mshahara, hadi leo, inasema yeye ni mfagizi.

Kliniki anayofanyia kazi ni ya hisani. Iko Chaani, katika jengo lililokuwa ghala la magunia, na huendeshwa kwa michango ya wafadhili wa hapa nchini na wa ng'ambo. Mgonjwa asiye na uwezo hatozwi kitu. Ina jina lake rasmi ukutani, lakini watu wa Changamwe hawalitumii. Wao huiita "Kwa Macho" tu, na hata makanga wa matatu huita hivyo wanapofika kituo chake.

Wengi wanaokuja hapa wana mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaotanda ndani ya jicho taratibu hadi mtu asione mkono wake mwenyewe. Wataalamu husema sehemu kubwa ya upofu katika nchi maskini ni wa namna hii, unaoweza kuzuiwa au kutibiwa. Daktari huondoa lenzi ya jicho iliyochafuka na kuweka kioo kidogo cha bandia mahali pake. Upasuaji wenyewe si mrefu. Kirefu ni woga wa mgonjwa.

"Mtu akishtuka akainua kichwa wakati kifaa kiko ndani ya jicho, mambo yanaweza kuharibika vibaya," anasema Daktari Hadeel. "Mtu huyo si mtovu wa adabu, ameogopa tu. Na mimi mikono yangu yote miwili ina kazi."

Nyamvula aliajiriwa miaka tisa iliyopita kupiga deki na kufua mashuka. Siku moja alikuwa mlangoni na ndoo yake wakati mgonjwa mmoja wa Jomvu alipoanza kutetemesha kitanda kizima. Daktari akauliza ni nani hapo ana mkono mtupu.

"Wauguzi wote walikuwa wameshika vyombo," Nyamvula anakumbuka. "Nikaweka ndoo chini, nikanawa, nikamshika. Sikuwa na la kumwambia. Nikamuuliza ana watoto wangapi, nikamwambia asinijibu kwa mdomo, anifinye. Akanifinya mara saba. Alipofika wa saba alikuwa ametulia."

Tangu siku hiyo, kila siku ya upasuaji, ndoo humngojea mpaka mgonjwa wa mwisho ashuke kitandani.

Lakini si kila jicho huletwa kwa wakati, na hilo Nyamvula alilijua kupitia kwa baba yake mzazi.

Mzee Beja alikuwa mwashi huko Mtongwe, Likoni. Alianza kujigonga kwenye miimo ya milango. Akipewa chai, kikombe alikipokea, lakini sahani ya mbatata iliyowekwa ubavuni mwake hakuiona. Majirani wakasema mzee ameanza ulevi.

"Baba hajawahi kuonja pombe maishani mwake," anasema Nyamvula. "Na yeye akaona aibu, akanyamaza. Akawa hatoki nyumbani jioni, wasije wakamwona anapepesuka."

Alipompeleka Kwa Macho, Nyamvula alikuwa na furaha. Alidhani ni mtoto wa jicho. Alikuwa hata amekwisha kumweleza baba yake jinsi atakavyomshika mkono na jinsi ya kumfinya.

"Daktari alimpima, akampima tena. Kisha akanitoa nje. Akaniambia, Nyamvula, hii ni presha ya macho. Imekula mshipa wa jicho pande zote mbili. Hakuna cha kumrudishia."

Presha ya macho haina maumivu kwa wengi. Huanza kumega pembeni mwa jicho, kidogo kidogo, na mtu huendelea kuona mbele yake akidhani ni mzima. Kinachopotea hakirudi. Lakini ikigunduliwa mapema, dawa ya matone huweza kulinda kilichobaki. Na kwa kuwa hutembea katika ukoo, daktari alitaka watoto wote wa Mzee Beja wapimwe.

Nyamvula alipimwa siku hiyo hiyo. Presha yake ilikuwa juu, ila macho yalikuwa hayajaharibika. Tangu hapo hutia matone kila siku, na mpaka sasa anaona vizuri.

Ndugu yake, Tsuma, alikataa.

Tsuma Beja, 41, alikuwa dereva wa trela la makontena, akitoka bandarini hadi mpakani na kurudi. Anaishi karibu na uwanja wa ndege pamoja na mkewe, Quinter, na watoto wao wanne. Kila Nyamvula alipomtajia habari ya kupimwa, jibu lilikuwa moja.

"Aliniambia, dada, nikipimwa nikapatikana nayo, usukani nani ataniruhusu kuushika? Hawa watoto watakula matone?"

Miaka mitatu ikapita hivyo.

Katika muda huo ndipo Nyamvula alipokutana na Bi Jalila.

Kila Alhamisi, wafanyakazi wa kliniki hutoka kwenda mitaani kupima watu. Alhamisi moja walikuwa Mishomoroni, Kisauni, katika ua wa madrasa. Nyamvula alikuwa akiwapanga watu kwenye mabenchi alipomwona mama mmoja mtu mzima, buibui lake limepigwa pasi vizuri, amesimama kando na kushika bega la jirani yake.

"Shikamoo Bi. Karibu ukae, foleni yaanzia hapa," Nyamvula alimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sikuja kupimwa. Nimekuja kumsindikiza huyu jirani yangu."

"Bi, wamsindikiza mtu na hali wewe ndiye uliyemshika bega?"

Bi Jalila akacheka, na jirani yake akacheka zaidi. Lakini hakukaa.

Alikuwa amezaliwa Mji wa Kale, katika nyumba ya watu wa biashara, akaja Mishomoroni alipoolewa. Kwa miaka mingi aliwakatia na kuwashonea wanawake wa Kisauni nguo za harusi. Ukungu ulipoanza kuingia, aliacha kutunga uzi. Baadaye akaacha kukata. Mwishowe cherehani ikafunikwa shuka, na mwanawe wa kiume, Fairuz, mwenye kiduka cha mtaani, akawa humshika mkono hata kumpeleka chooni.

Fairuz alimsihi mama yake kwa miaka minne. "Nilimletea imamu, nilimletea shangazi zangu, nikamletea mtu aliyepasuliwa akapona," anasema. "Akawakaribisha wote kahawa. Akawasikiliza. Kisha akasema la."

Sababu ya Bi Jalila ilikuwa dada yake mdogo. Zamani, mchuuzi mmoja wa dawa alipita nyumba hadi nyumba na chupa ya maji meupe akisema yanayeyusha mtoto wa jicho. Dada yake akatiliwa. Jicho likavimba, likaoza, likatolewa.

"Mimi nalimuuguza kwa mikono yangu," Bi Jalila anaeleza kwa Kimvita chake kilichonyooka. "Nikaapa, wallahi, mato yangu mimi hayaguswi na mtu. Afadhali nisione nayo, lakini niwe nayo."

Nyamvula hakubishana naye. Alianza kumtembelea Jumapili, siku yake ya mapumziko. Walizungumza juu ya watoto, bei ya vitambaa, na namna ya kupika samaki wa nazi asivunjike. Jumapili ya nne au ya tano, ni Bi Jalila mwenyewe aliyeanzisha habari ya upasuaji.

"Niambie kweli. Kisu hicho yuwakiona mtu kikimjia?"

"Hukioni, Bi. Utaona mwangaza tu, kama taa iliyowashwa chini ya maji. Mwengine huona rangi."

"Na mimi nna kikohozi changu hiki. Kikinipanda?"

"Utanifinya mkono. Nitamwambia daktari, naye atatoa vyombo vyake. Utakohoa, halafu ataendelea."

Bi Jalila alipapasa ukingo wa leso yake.

"Na utakuwako wewe? Hutaitwa ukafagie?"

"Nitakuwako."

"Basi mwambie Fairuz ntakwenda. Lakini nishikwe na mkono huu huu," akasema, akiuinua mkono wa Nyamvula.

Siku ya upasuaji ilikuwa Jumanne. Bi Jalila alifika mapema na mwanawe, akapigwa ganzi, akalazwa. Nyamvula alikuwa ameanza kunawa simu yake ilipolia. Alikuwa wifi yake, Quinter.

"Dada, Tsuma amegonga."

"Amegonga nini? Mtu?"

"Nguzo ya geti, hapo yadi ya makontena. Yeye ako sawa. Lakini anasema hakuiona. Nguzo kubwa hivyo, dada, mtu anakosaje kuiona?"

Nyamvula aliuliza ilikuwa upande gani. Wa kushoto, Quinter akasema, kando kabisa.

"Niliiona sahani ya mbatata ya baba," anasema Nyamvula.

Muuguzi Lenox alimwona akiwa ameegemea karo la kunawia. Alipojua kilichotokea, alimwambia aende tu. "Mimi nitamshika huyo shosho, usijali."

Nyamvula alitazama mlango wa chumba cha upasuaji. Tsuma alikuwa mzima, alijiambia, na nguzo haikuwa mtu. Humo ndani mlikuwa na mwanamke aliyekaa gizani miaka minne, akakubali kwa ajili ya mkono mmoja. Akazima simu, akanawa tena, akaingia.

Upasuaji ulianza vizuri. Ulipofika katikati, Nyamvula alihisi mfinyo mmoja.

"Daktari, kikohozi," akasema haraka.

Daktari Hadeel akatoa vyombo, akainua mikono na kungoja. Hakukuwa na kikohozi.

"Bi Jalila, kohoa sasa, usiogope," daktari akamwambia.

"Sina kikohozi," sauti ikatoka chini ya shuka. "Namfinya yeye. Mkono wake watetema. Namwambia atulie."

Kisha daktari akauliza taratibu, "Nyamvula, tuendelee?"

"Tuendelee."

Nyamvula anasema machozi yalikuwa yakimwingia kwenye barakoa, na hakuweza kuyafuta kwa sababu hakutaka kuuachia mkono ule. Bi Jalila naye hakuuachia wake. Kikohozi cha kweli kilikuja baadaye, daktari alipokuwa karibu kumaliza. Mfinyo ulikuwa wa nguvu, vyombo vikatoka, Bi Jalila akakohoa mpaka akaridhika, kazi ikaisha salama.

Mchana huo Nyamvula alikwenda kwa Tsuma. Alimkuta ameketi kwenye kochi, bado amevaa fulana ya kazi, televisheni imewashwa bila sauti. Mwajiri wake alikuwa amemwambia apumzike kwanza.

"Usianze," Tsuma alimwambia kabla hajaketi. "Ni jua. Lilinipiga usoni."

Nyamvula hakuanza. Alikunywa maji aliyopewa, kisha akauliza swali moja.

"Pale getini huwa kuna mlinzi. Leo alikuwa wapi?"

Quinter, aliyekuwa mlangoni akikunja nguo, akaacha kukunja. Tsuma akasema, macho yakiwa kwenye televisheni.

"Alikuwa amesimama pale pale. Aliingia kibandani kuchukua kitabu chake. Akatoka, akakuta nguzo imelala."

"Angekuwa hajaingia?"

"Nimekusikia, dada."

Nyamvula alipokuwa akiondoka, Tsuma alimsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi, akamuuliza kliniki hufunguliwa saa ngapi.

Asubuhi iliyofuata, Bi Jalila alifunguliwa bandeji. Alipepesa jicho, akamtazama Fairuz kwa muda mrefu, akamwambia amenenepa na ndevu hizo hazimkai. Fairuz akageuka ukutani kulia. Kisha mama akauliza yuko wapi mwenye mkono.

Nyamvula akasogea.

"Kumbe ndiwe? Mwembamba hivi! Kwa sauti yako nalidhani u mtu wa mwili," akasema. Halafu akamvuta karibu. "Sasa niambie. Lililokutetemesha jana ni nini?"

Nyamvula akamweleza. Bi Jalila alisikiliza mpaka mwisho.

"Akiya huyo nduguyo, usimwambie maneno mengi," akamshauri. "Mimi walinipa maneno miaka minne. Kaa naye tu."

Tsuma alikuja Ijumaa. Nyamvula aliomba ruhusa, akakaa naye kwenye benchi tangu asubuhi. Ndugu hao hawakuzungumza sana. Alipoitwa, alimwachia dada yake simu na funguo, kama mtu anayeingia kuogelea.

Majibu hayakuwa mazuri wala mabaya kabisa. Jicho la kushoto limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya pembeni, na hiyo haitarudi. La kulia limeguswa kidogo. Kwa matone na kupimwa mara kwa mara, daktari anatarajia kilichobaki kitahifadhiwa. Lakini kuendesha trela, alimwambia waziwazi, basi.

"Nilimchukia," Tsuma anakiri. "Si daktari. Dada yangu. Nilijua si haki, lakini ndivyo nilivyohisi. Nilikaa wiki kadhaa sipokei simu yake. Matone nilitia, kwa sababu Quinter alikuwa ananisimamia kichwani."

Mwajiri wake alimpa kazi nyingine katika yadi ile ile, ya kuelekeza makontena yanaposhushwa. Malipo ni kama nusu ya aliyokuwa akipata barabarani. Quinter ameanza kuuza chapati asubuhi, na mtoto wao mkubwa ametolewa shule ya bweni na kurudishwa ya kutwa. Tsuma hafichi kwamba yamemuuma.

"Lakini namwona yule mlinzi kila siku," anasema. "Ana mtoto mchanga. Hunionyesha picha zake."

Siku aliyompigia Nyamvula tena, hakusema habari ya macho. Aliuliza hali ya baba, na kama Jumapili anaweza kwenda naye Mtongwe. Walikwenda pamoja. Mzee Beja, aliyekuwa ameketi barazani, alipapasa uso wa mwanawe na kumuuliza kama yeye bado anaona.

"Naona, baba," Tsuma akamjibu.

"Kote?"

"Si kote. Lakini naona."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema alhamdulillahi, akaomba chai.

Wiki hii Bi Jalila amepasuliwa jicho la pili. Mshika mkono ni yule yule, na safari hii hakuna aliyetetemeka. Cherehani imefunuliwa. Anasema hataki tena nguo za harusi, zina kazi nyingi. Atashona sare za madrasa, ambazo mishono yake haihitaji madoido.

Nyamvula naye ana lake analolitaka. Anataka meza ya kupimia macho ipelekwe kwenye maegesho ya malori ya Changamwe, mara moja kila mwezi, asubuhi, wakati madereva wanaposubiri kuingia bandarini. Daktari Hadeel amekubali, na meza ya kwanza itawekwa baada ya Idi, inshallah.

Vifaa si tatizo kubwa. Tatizo ni woga ule ule wa Tsuma. Dereva anayehofia leseni yake ataiona meza hiyo na kupita mbali.

"Mimi wataniona mwanamke wa kliniki tu, wataniuliza najua nini habari ya usukani," anasema Nyamvula. "Nataka wamwone Tsuma. Wengi wao wanamjua. Nimemwomba asimame nasi pale."

Tsuma, alipoulizwa na mwandishi huyu kule yadini, alivua kofia yake ya kazi, akajifuta jasho, akalifikiria ombi hilo.

"Nimemwambia sitaki kusimama mbele za watu kama mgonjwa wa maonyesho," akasema. "Sitahubiri. Nitakuja, nikae pembeni. Dereva akiniuliza mwenyewe, nitamjibu."

Nyamvula, alipofikishiwa jibu hilo, alikuwa ameinama akikamua tambara la deki. Alicheka hadi tambara likamponyoka.

"Basi amekubali," akasema. "Tsuma huyo? Tangu utotoni hajawahi kukaa pembeni mwa mazungumzo akanyamaza."